Barua ya Wazi kwa Maktaba ya Bunge la Marekani: Mpeni Casey Donovan Nafasi Yake

Kwa Mkutubi wa Bunge la Marekani,
Kwa wajumbe wa Bodi ya Taifa ya Uhifadhi wa Filamu,
Washington.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili nikijua mnao watu wa kunisoma. Ofisi yenu ya Nairobi imekuwa ikikusanya vitabu, magazeti na vijarida vya Kiswahili tangu miaka ya 1960, na kwenye rafu zenu kuna riwaya na tenzi ambazo maktaba zetu nyingi za mikoani hazina. Kwa hiyo lugha isiwe kisingizio. Isitoshe, barua hii itasomwa na Waswahili wenzangu, na nisingependa habari zenyewe ziwafikie zikiwa zimechujwa na mtu mwingine.

Ombi langu ni moja. Iingizeni filamu ya Boys in the Sand, ya mwaka 1971, katika Sajili ya Taifa ya Filamu, orodha yenu ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, na katika maelezo mtakayoyaandika litajwe wazi jina la mwigizaji wake mkuu, Calvin Culver, ambaye watazamaji walimjua kama Casey Donovan. Ni filamu ya ngono. Ni ya mashoga. Nayasema yote mawili mapema ili anayetaka kuacha kusoma aache sasa hivi, asije akalalamika baadaye kwamba alitegwa.

Huyo Culver alikuwa nani? John Calvin Culver alizaliwa Novemba 2, 1943, East Bloomfield, kijiji cha wakulima upande wa magharibi wa jimbo la New York. Alisoma katika chuo cha serikali cha Geneseo, akawa mwalimu, na alipohamia jijini akapata kazi katika shule ya binafsi. Huko alikorofishana na mwanafunzi mmoja na kazi ikaishia hapo. Hadithi za watu wa filamu hizi hupenda kuanzia kwa kijana mtoro aliyeokotwa kituo cha basi. Huyu alikuwa mtu mzima aliyesoma, aliyekuwa na chaki mkononi, na aliyeingia kwenye kazi ile kwa miguu yake mwenyewe na macho yakiwa wazi. Alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu na tabasamu la kijana wa tangazo la dawa ya meno, kwa hiyo uanamitindo ulimpokea bila taabu, na jukwaani akapata sehemu ndogondogo. Mwaka 1971 alicheza katika filamu ya ngono ya gharama ndogo iliyoitwa Casey. Jina la mhusika wake likamganda. Akaliongezea Donovan, jina la mwimbaji aliyekuwa akivuma siku hizo, na kuanzia hapo akawa na majina mawili: Cal Culver kwa marafiki na kwa jukwaa la heshima, Casey Donovan kwa wengine wote.

Aliyempa umaarufu ni Wakefield Poole, ambaye wala hakuwa mtu wa filamu. Poole alikuwa mcheza baleti aliyepita katika kundi la Ballet Russe de Monte Carlo, kisha akafanya kazi Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York, akicheza na kuwapanga wachezaji. Siku moja aliingia na rafiki zake katika jumba la New York lililoonyesha filamu za mashoga, wakakuta kitu kibovu kisicho na mapenzi wala heshima, kilichotengenezwa na watu walioonekana kuwadharau watazamaji wao. Akatoka akiamini kwamba hata yeye angeweza kufanya vizuri zaidi. Wenye kusema hivyo ni wengi, na wengi huishia hapo hapo kwenye kusema. Yeye alichukua kamera ya milimita 16 akavuka kwenda Fire Island, kisiwa chembamba cha mchanga kinachokaa mbele ya pwani ya kusini ya Long Island, ambako mashoga wa New York walikuwa wakienda kila kiangazi ili wapumue. Picha zilipigwa kwa wikiendi tatu za Agosti. Gharama yote ilikuwa kama dola 8,000.

Nitaisimulia kwa adabu. Ina sehemu tatu na haina mazungumzo, ni muziki tu. Katika sehemu ya kwanza mtu anatembea msituni hadi ufukweni, anakaa kwenye mchanga, na kutoka majini anatokea Culver akimkimbilia, mahali ambapo sekunde chache nyuma hapakuwa na mtu. Katika ya pili Culver anaagiza kitu kwa posta baada ya kuona tangazo gazetini. Kinakuja kidonge, anakitupa kwenye bwawa la kuogelea, na bwawa linachemka na kumtoa mwanamume. Katika ya tatu yumo ndani ya nyumba, nje kuna fundi wa simu anayepanda nguzo, na muda mwingi hatujui kama tunachokiona kinatokea au ni mawazo ya yule aliye dirishani. Kwangu mimi hii ya tatu ndiyo bora kuliko zote. Fundi huyo, Tommy Moore, ni mtu mweusi. Mahakama Kuu yenu ilikuwa imefuta sheria za kuzuia ndoa kati ya weupe na weusi mwaka 1967 tu, miaka minne kabla. Poole hakuweka hotuba yoyote kuhusu jambo hilo. Aliwaacha wanaume wawili watazamane kupitia kioo cha dirisha, na mtazamo ule umechukua muda mrefu kuliko wasimamizi wengi wa biashara hii wangeuruhusu.

Ikafunguliwa Desemba 29, 1971 katika jumba la 55th Street Playhouse, Manhattan. Hapa ndipo ninapoomba mtulie kidogo. Lile lilikuwa jumba la sinema la kawaida lenye bango mbele na dirisha la tiketi, barabara kubwa, watu wakipanga foleni mchana kweupe. Tangazo lilitoka katika New York Times. Gazeti la biashara ya sinema, Variety, liliihakiki kama linavyohakiki filamu nyingine, kisha likaiweka katika orodha yake ya filamu zinazoingiza fedha nyingi. Wiki ya kwanza tu ilirudisha gharama zake na ziada juu yake. Na ilikuwa na majina. Hadi wakati ule filamu za mashoga za aina hii zilitoka bila majina, au zenye majina ya uongo ya kuwakinga waliozitengeneza. Poole aliweka jina lake halisi kwenye skrini, yeye aliyekuwa na mengi ya kupoteza Broadway.

Vitabu vingi huianza sura hii ya historia, ya filamu za ngono kuonyeshwa hadharani, na Deep Throat, filamu ya ngono ya mwanamke na wanaume. Deep Throat ilitoka Juni 1972, karibu nusu mwaka baadaye. Ndiyo iliyosababisha magazeti kuandika kwamba sasa kwenda kutazama ngono sinema ni mtindo wa watu wastaarabu, na ndiyo inayotajwa hadi leo kwenye mitihani ya vyuo vikuu. Mwanamke aliyeibeba filamu ile, Linda Boreman, alikuja kusimama hadharani akaeleza kwamba mumewe alimlazimisha kwa vipigo. Sifa ya kufungua mlango imepewa filamu yenye jeraha hilo ndani yake, na iliyotangulia, iliyotengenezwa na marafiki kisiwani, imewekwa katika tanbihi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa amenyongwa na haki pia amenyimwa.

Kumbukeni pia nchi yenu ilivyokuwa usiku ule wa Desemba. Tangu ghasia za Stonewall za Juni 1969, mashoga wa New York walipopambana na polisi, ilikuwa imepita miaka miwili na nusu. Katika jimbo la New York tendo la mapenzi kati ya wanaume wawili lilikuwa bado kosa la jinai, na lilibaki hivyo hadi mahakama ya rufaa ya jimbo ilipoibatilisha sheria hiyo mwaka 1980. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa bado kinauorodhesha ushoga kama ugonjwa. Kiliufuta Desemba 1973. Kwa hiyo mwanamume aliyesimama foleni 55th Street alikuwa, kwa vitabu vya serikali na vya hospitali, mhalifu na mgonjwa kwa wakati mmoja. Akalipa, akaingia, taa zikazimwa, na juu ya skrini akamwona mtu kama yeye akitoka baharini kwenye jua, anacheka, haadhibiwi. Filamu za Hollywood za enzi zile zilimuua shoga kabla ya mkanda kuisha, kwa risasi au kwa kamba. Huyu mwisho wa filamu yuko hai na amefurahi. Sina hakika kama kizazi cha leo, chenye kila kitu kwenye simu, kinaweza kuelewa jambo hilo lilikuwa na uzito gani.

Culver aliamini mlango ule ungemfikisha mbali zaidi. Alikuwa na sababu. Mwaka 1972 alipata sehemu ndogo Broadway katika tamthilia ambayo nyota wake alikuwa Ingrid Bergman. Mwongozaji Radley Metzger alimchukua hadi Yugoslavia kupiga Score, iliyotoka 1974, humo akiwa mume mpya mwenye haya nyingi, na ukiitazama leo unaona alikuwa na kipaji cha vichekesho, wepesi fulani wa macho na mabega ambao hafundishwi mtu. Akazunguka na tamthilia ya Tubstrip mji hadi mji. Metzger akamtumia tena katika The Opening of Misty Beethoven, 1976. Mwaka 1983 akasimamisha tena Broadway tamthilia ya The Ritz, na onyesho likafungwa baada ya usiku mmoja. Usiku mmoja! Hollywood haikupiga simu. Alifungua nyumba ya wageni Key West, Florida, nayo haikudumu. Katikati ya hayo yote alirudi kwenye filamu za ngono kila fedha zilipokata, na alikuwa pia akilipwa na wanaume kwa kuwa nao faragha, jambo ambalo hakulifanya siri na ambalo wanaomwandikia sifa hulipitia haraka. Silipitii haraka. Ndiyo kazi iliyompa kodi ya nyumba wakati majukwaa yalipomfungia, na anayetaka kumkumbuka amkumbuke mzima.

Sidai kwamba alikuwa mwigizaji mkubwa wa karne. Nasema alikuwa mtu wa kwanza katika nchi yenu ambaye watu wa kawaida, mashoga na wasio mashoga, walimjua kwa uso na kwa jina kwa sababu ya filamu ya ngono ya mashoga, na kwamba alilibeba jambo hilo bila kuinamisha kichwa. Katika mahojiano hakuomba radhi. Alikwenda kwenye karamu za watu wakubwa akiwa Casey Donovan. Ni jambo dogo mpaka ukumbuke kwamba walimu wenzake wa zamani wangefukuzwa kazi kwa tetesi tu.

Ukimwi ulipoingia, ulianza na watu wa mduara wake. Taarifa ya kwanza ya serikali yenu kuhusu maradhi hayo ilitoka Juni 5, 1981. Culver alifariki Agosti 10, 1987, Inverness, Florida, akiwa na miaka 43, kwa maambukizi ya mapafu yaliyotokana na Ukimwi. Mwaka huo 1987 unastahili kusomwa mwezi kwa mwezi. Machi ilipitishwa dawa ya kwanza, AZT, na mwezi huo huo jijini New York kikaundwa chama cha ACT UP kupiga kelele kwamba dawa ni ghali na serikali imelala. Mwisho wa Mei Rais Reagan alitoa hotuba yake kubwa ya kwanza juu ya maradhi yale, wakati zaidi ya Wamarekani 20,000 walikuwa tayari wamekwisha kufa. Agosti akafa Culver. Oktoba 11 vipande 1,920 vya kitambaa, kila kimoja na jina la marehemu, vilitandazwa kwenye uwanja wa National Mall, umbali wa kutembea kutoka mlangoni kwenu.

Siku chache baadaye, Oktoba hiyo hiyo, Seneti ilipitisha pendekezo la Seneta Jesse Helms la kuzuia fedha za serikali kuu zisitumike kwa elimu ya Ukimwi yenye kuonekana kuhimiza ushoga. Helms alikuwa seneta wa North Carolina, jimbo alikozaliwa Wakefield Poole, na hiyo naitaja kwa sababu historia ina ucheshi wake mchungu. Maana ya uamuzi ule ilikuwa hii: kipeperushi kilichomwonyesha mwanamume shoga jinsi ya kutumia kondomu, kwa lugha anayoielewa na picha anazozitambua, kisingelipiwa na serikali. Kazi hiyo wakabaki nayo watu wenyewe, na miongoni mwao walikuwamo waigizaji wa filamu za ngono. Al Parker, aliyekuwa nyota mkubwa wa kipindi kilichofuata na aliyewahi kucheza pamoja na Culver, alikuwa na kampuni yake ya filamu, na katika miaka ile akatumia kampuni hiyo kuonyesha kondomu kama sehemu ya raha yenyewe, si kama adhabu. Naye Ukimwi ulimchukua, mwaka 1992, akiwa na miaka 40. Bunge lenu lilikuwa likiona haya wakati watu walioitwa wasio na haya wakifundisha.

Kwetu Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa hili bila kuelezwa sana. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi matangazo ya vifo yalisema “baada ya kuugua kwa muda mrefu” na kuishia hapo. Mganda Philly Lutaaya alipojitokeza mwaka 1989 akasema yeye anaumwa Ukimwi, mwimbaji anayependwa, mwenye jina, wapo waliosema anatafuta umaarufu. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Leo hakuna Mganda mwenye akili zake anayebisha kwamba kutoka kwake hadharani kuliokoa watu. Najua kwamba Lutaaya na Culver hawalingani kwa kila kitu, na wapo ndugu zangu watakaokasirika kuwaona katika aya moja. Maradhi hayakuwatenganisha, aibu iliyowazunguka ilikuwa ya ukoo mmoja.

Sasa turudi kwenye kazi yenu. Kila mwaka mnachagua filamu 25. Sheria inataka ziwe na umri usiopungua miaka kumi na ziwe na umuhimu wa kiutamaduni, kihistoria au kisanaa. Hakuna panaposema ziwe na maadili mema. Mngeanza kudai hivyo, ingebidi muondoe nyingi. The Birth of a Nation, filamu inayowatukuza wauaji wa Ku Klux Klan, mmeisajili tangu 1992, na mlifanya sawa, kwa sababu Marekani haieleweki bila kuijua. Mkanda wa Zapruder, unaoonyesha Rais Kennedy akipigwa risasi kichwani, mmeusajili. Pink Flamingos, ambayo wanaoijua wanajua inaishaje na ambao hawaijui nawashauri wasiulize wakiwa mezani, mliiweka 2021. Mwaka 2024, uteuzi ulipofikisha jumla ya filamu 900, mliingiza The Texas Chain Saw Massacre pamoja na The Chelsea Girls na My Own Private Idaho. Mtu kukatwakatwa kwa msumeno wa injini ni urithi wa taifa. Wanaume wawili kukumbatiana kisiwani bado.

Mwaka huo huo wa 2024 mliisajili Common Threads, filamu ya hali halisi kuhusu ule mfarishi wa majina, yaani vile vipande vya kitambaa vilivyotandazwa National Mall. Na tangu 2019 kumbukumbu za karatasi za mfarishi huo, barua na picha zilizotumwa na mama, wapenzi na marafiki, ziko chini ya uangalizi wenu. Mmekwisha kuwapokea hawa watu kama marehemu. Ninachowaomba ni muwapokee pia walivyokuwa kabla ya kuugua, wakiwa na jua mgongoni. Nchi iliyo na kumbukumbu za mashoga wakifa tu, bila za mashoga wakiishi na kutamani, ina kumbukumbu yenye kengeza.

Wala si kwamba mtakuwa wa kwanza. Jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilionyesha filamu ya Fred Halsted, LA Plays Itself, mwaka 1974, na likaihifadhi katika mkusanyiko wake. Halsted naye alikuwa mwigizaji na mwongozaji wa ngono ya mashoga. Anga haikuanguka. Kisiwani Fire Island kwenyewe, jumba la jamii na ukumbi wa maonyesho wa Cherry Grove liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 2013. Serikali yenu imekwisha kulitambua jengo. Bado kuitambua filamu iliyokifanya kisiwa kile kijulikane na watu ambao hawakuwa na nauli ya kukifikia.

Najua upepo unaovuma Washington kwa sasa. Mkutubi aliyekuwapo aliondolewa Mei 2025. Miezi mitatu kabla ya hapo, idara ya hifadhi za taifa ilifuta kutajwa kwa watu waliobadili jinsia katika maelezo yake ya eneo la kumbukumbu la Stonewall, kana kwamba hawakuwapo usiku ule. Yumkini mtu ofisini mwenu ataisoma barua hii, ataguna, na kuiweka chini ya rundo akisubiri nyakati nzuri. Shida ni kwamba filamu haisubiri. Mkanda wa milimita 16 wa miaka ile ni asetati, na asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, hunywea, hujikunja, na ikishafika hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Ninyi wenyewe mlichapisha utafiti mwaka 2013 ulioonyesha kwamba karibu asilimia 70 ya filamu ndefu za Marekani za enzi ya bubu zimepotea kabisa. Zilipotea kwa sababu wenye madaraka waliziona ni upuuzi wa kupita. Filamu za ngono za miaka ya 1970 ziko mahali hapo hapo, na mashoga waliozimiliki walikufa kwa wingi wakiwa vijana, vyumba vyao vikasafishwa na ndugu waliokuja na mifuko ya taka. Ni wangapi walioona mkebe wa filamu kabatini wakasita kabla ya kuutupa?

Mnalo jengo la kuzuia hasara hiyo. Culpeper, Virginia, ndani ya mlima, mmerithi handaki ambamo benki kuu yenu ilificha mabilioni ya dola wakati wa Vita Baridi, ili vita vya nyuklia vikitokea uchumi uwe na pa kuanzia. Sasa humo mnahifadhi filamu na sauti kwa baridi na ukavu unaopimwa. Ombi langu la pili, kama la kwanza litachukua muda, ni kwamba nakala nzuri kuliko zote inayopatikana ya Boys in the Sand iingizwe humo bila kusubiri uteuzi, pamoja na mabango, matangazo ya magazeti na picha za siku za ufunguzi. Kusajili kunahitaji ujasiri wa kisiasa. Kuhifadhi kunahitaji rafu.

Watakuwapo watakaosema kwamba filamu za ngono zimewaharibu wengi, na kwamba kumkumbuka mmoja ni kuipamba biashara nzima. Biashara hiyo siitetei. Waigizaji wengi wa miaka ile walilipwa ujira wa siku na hawakuona senti kanda zilipouzwa tena na tena baada ya wao kufa. Nyuso zao bado zinazunguka kwenye intaneti bila jina, bila mwaka, zikimwingizia fedha mtu asiyewajua. Lakini angalieni: kinachowadhalilisha hapo ni kule kukosa jina na mwaka. Insha ya kurasa mbili kwenye tovuti yenu, iliyoandikwa na msomi anayejua anachokisema, inayotaja nani alicheza, nani aliongoza, wapi, kwa fedha kiasi gani, na kila mmoja aliishia wapi, ingewatendea haki kuliko ukimya wa nusu karne.

Kuhusu insha hiyo nina masharti, ingawa najua mwombaji hachagui. Calvin Culver aandikwe kwa majina yake yote mawili. Tommy Moore atajwe kwa jina, asiitwe “fundi wa simu mweusi” peke yake. Peter Fisk, anayeonekana ufukweni katika sehemu ya kwanza na aliyekuwa mwenzi wa Poole, atajwe. Sababu ya kifo cha Culver iandikwe Ukimwi, bila “kuugua kwa muda mrefu”. Ualimu wake utajwe, na Key West, na usiku mmoja wa The Ritz, na wateja wake pia.

Fomu yenu inamruhusu mtu kupendekeza hadi filamu 50 kwa mwaka. Nimejaza moja. Ikipita, ionyesheni angalau mara moja katika ukumbi wenu wa Mary Pickford, kwa watu wazima, kwenye skrini kubwa na si kwenye simu. Ikibidi mlangoni awepo mtu wa kukagua vitambulisho, wekeni. Nitakuja na changu.

Wasalaam,

Mtanzania, mkazi wa New York